Mwongoza ndege kwenye simyuleta ya nyumbani: njia zinazofanya kazi ukiwa Unguja au Pemba

Simyuleta ya ndege, yaani programu ya kuigiza urubani kwenye kompyuta, bila mwongozaji ni nusu ya kazi. Kushika usukani, kukunja magurudumu na kutua unaweza kujifunza peke yako. Lakini kupokea maelekezo huku ndege iko hewani, kuyarudia sawasawa, kisha kusubiri zamu yako nyuma ya mwenzako, hayo hayafundishiki mpaka kuwe na mtu upande wa pili wa redio. Mwongozo huu unahusu namna ya kumpata mtu huyo, au programu inayokaribia kumfikia, kwa intaneti na umeme tulionao visiwani.

Njia ziko nne: mwongozaji aliyemo ndani ya simyuleta yenyewe, programu za akili bandia, mitandao ya waongozaji wa kibinadamu, na kundi lenu wenyewe mkigawana kazi. Wengi huanza kwa kuuliza ipi ni nzuri zaidi. Swali lenye faida ni jengine: unarusha saa ngapi, na bando lako linabeba nini?

Saa kwanza

Usafiri wa anga wote huenda kwa saa ya UTC, saa moja ya dunia nzima, ambayo kwenye redio huitwa Zulu. Sisi tuko saa 3 mbele. Kwa anayesoma saa ya Kiswahili hesabu ni nyepesi: mchana ongeza 3, usiku ongeza 15. Saa 3 asubuhi ni 0600Z. Saa 3 usiku ni 1800Z. Ukivuka 24, toa 24: saa 11 alfajiri inakuwa 26, yaani 0200Z.

Hesabu hii ina maana kwa sababu waongozaji wa mitandao ya bure ni watu wa kujitolea, na wengi wako Ulaya. Hukaa kwenye vituo vyao wakitoka kazini na skuli. Jioni ya Ulaya, tuseme 1700Z mpaka 2100Z, kwetu ni saa 2 mpaka saa 6 usiku. Basi mtu anayewasha kompyuta baada ya sala ya Isha anakuta anga ya Ulaya imejaa sauti, na anayewasha saa 4 asubuhi siku ya kazi anakuta viwanja vingi vimenyamaza. Panga hivyo: asubuhi na mchana kwa programu ya akili bandia au mazoezi ya peke yako, usiku kwa watu.

Mwongozaji wa ndani ya simyuleta

Microsoft Flight Simulator na X-Plane 12 zote zina mwongozaji wake. Unachagua jibu kwenye orodha, naye anasoma kwa sauti. Kwa anayeanza ni skuli nzuri ya mpangilio: kibali cha safari, kutoka maegeshoni, mnara, mwongozaji wa eneo, mnara wa unakokwenda. Mpangilio huo ukishauzoea, utaona kasoro zake. Anakuteremsha kwa kuchelewa hadi unafika uwanjani ukiwa juu mno. Anabadilisha njia ya kurukia ukiwa karibu kutua. Na kwa vile unachagua jibu badala ya kulitamka, sikio na ulimi havifanyi kazi. Tumia wiki chache, kisha songa mbele.

FlightGear ni ya bure kabisa na huenda hata kwenye kompyuta ya kawaida. Mwongozaji wake wa ndani ni dhaifu kuliko hao wawili, lakini ndiyo simyuleta inayofaa kuliko zote kwa njia ya nne, ya kundi, ambayo tutaifikia.

Programu za akili bandia

Hapa unazungumza kwa maikrofoni na programu inakujibu.

Pilot2ATC ni ya siku nyingi. Unainunua mara moja, na inafanya kazi na simyuleta nyingi. Inatambua sauti kwa mfumo wa Windows uliomo kwenye kompyuta yako, kwa hiyo intaneti ikikatika mazungumzo hayafi. Kwa Pemba au mashamba ya Unguja ambako mtandao unakwenda na kurudi, hilo ni jambo kubwa. Gharama yake ni muda: lazima uufundishe mfumo wa Windows sauti yako, na lazima usome mwongozo wake, maana una mipangilio mingi.

BeyondATC ni ya Microsoft Flight Simulator. Nayo hununuliwa mara moja. Sauti zake za kawaida hutengenezwa kwenye kompyuta yako mwenyewe. Zile za hali ya juu hutoka kwenye seva na hulipiwa kadiri unavyozitumia. Nguvu yake iko kwenye safari za IFR, yaani kuruka kwa kufuata vyombo, na mpango wa safari inauchukua kutoka SimBrief, tovuti ya kuandaa mipango hiyo.

SayIntentions.AI ni ya malipo ya kila mwezi na yote iko kwenye seva. Ndiyo inayovumilia zaidi lugha isiyo ya kitabuni: ukisema jambo kwa mzunguko, inakuelewa. Inakubali pia VFR, yaani kuruka kwa kuona, ambayo ndiyo aina ya safari nyingi fupi za kati ya visiwa vyetu. Lakini intaneti ikikatika, mwongozaji amekwenda. Na uvumilivu huo una madhara kwa anayetaka kuhamia kwa waongozaji wa kibinadamu: unazoea kusema hovyo kwa sababu unaeleweka.

Programu ya namna hii isipokuelewa, usikimbilie kulaumu lafudhi. Angalia vitu vitatu kwa zamu. Kwanza lugha ya utambuzi wa sauti ndani ya Windows: iwe Kiingereza, na pakiti yake ya sauti iwe imeshushwa. Pili kiwango cha maikrofoni: sema sentensi nzima na uangalie mstari, ukigonga mwisho sauti inapasuka, ukibaki chini kabisa programu inakisia. Tatu ndimi zetu wenyewe. Mzungumzaji wa Kiswahili huongeza irabu mwishoni mwa neno la Kiingereza bila kujua, na mashine huihesabu irabu hiyo kuwa neno jengine. Malizia neno kwenye konsonanti na unyamaze. Tarakimu zitamke moja moja: njia ya kurukia ya 36 ni "three six", si "thirty-six". ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inataka 3 isikike kama "tree", 5 kama "fife" na 9 kama "niner". Kwa mwongozaji binadamu matamshi hayo huondoa utata redio inapokwaruza.

Tahadhari moja inahusu programu hizi zote. Baadhi ya takwimu za viwanja huzichukua kutoka ndani ya simyuleta, na takwimu hizo hazilingani kila mara na uwanja halisi. Shusha Little Navmap, programu ya bure ya ramani za anga, isomeshe maktaba ya simyuleta yako, kisha bonyeza HTZA (Uwanja wa Abeid Amani Karume) au HTPE (Pemba). Utaona masafa ya redio ambayo simyuleta yako inayajua. Ukipiga masafa ya kwenye chati halisi nayo hayamo kwenye simyuleta, utaita na hakuna atakayejibu, na utapoteza usiku mzima ukitafuta kosa kwenye maikrofoni.

VATSIM, kwa urefu

Mitandao miwili mikubwa ya bure ni VATSIM na IVAO. Tunaieleza VATSIM kwa kirefu kwa sababu ndiyo yenye waongozaji wengi kwa usiku wa kawaida, na ukiiweza hiyo, IVAO ni ile ile kwa programu nyengine.

Jiandikishe kwenye tovuti yao ukiwa na umri wa miaka 13 au zaidi. Utapewa namba ya uanachama, kisha somo fupi la wanachama wapya lenye mtihani. Usiuruke, bila kuufaulu huunganishwi. Sisi tumo kwenye tawi la Afrika kusini mwa Sahara.

Halafu shusha programu ya rubani: vPilot kwa Microsoft Flight Simulator, xPilot kwa X-Plane. Ipo pia swift inayokubali simyuleta zaidi. Baada ya hapo unahitaji modeli za ndege za wengine, la sivyo utawaona wote wamevaa ndege ya aina moja, au hutawaona. Kwa Microsoft Flight Simulator wengi hutumia FSLTL. Kwa xPilot, Bluebell. Zote za bure, zote ni gigabaiti nyingi. Zishushe kwa bando la usiku au kwenye Wi-Fi ya mahali, na usifanye hivyo siku unayotaka kurusha.

Mpango wa safari uandae kwenye SimBrief. Akaunti ya bure inatosha. Ramani zake za bure ni za mzunguko wa zamani wa AIRAC, ratiba ya kimataifa ya kusasisha takwimu za anga, ambao hubadilika kila siku 28, kwa hiyo mara moja moja mwongozaji atakutajia njia ambayo huna. Mwambie tu: "unable, not in my database". Atakupa mwelekeo wa kufuata, na hilo si aibu.

Kuunganisha kunakwenda hivi. Weka ndege kwenye maegesho, si kwenye njia ya kurukia wala kwenye barabara ya ndege. Kuibukia njiani ndilo kosa linalowaudhi watu kuliko yote, kwa sababu huenda kuna mtu yuko futi 200 anatua hapo hapo. Washa hali ya hewa halisi. Andika jina la mwito na namba ya aina ya ndege ya ICAO: C208 kwa Caravan, AT76 kwa ATR 72-600, DH8D kwa Dash 8-400, BCS3 kwa Airbus A220-300. Ukitaka kuruka kwa jina la Air Tanzania, herufi zake tatu za ICAO ni ATC na mwito wake redioni ni "Tanzania". Precision Air ni PRF, na mwito ni "Precision Air". Bila mstari wala nafasi: ATC na namba ya safari, PRF na namba ya safari.

Angalia nani yuko hewani. Majina ya vituo huishia na DEL kwa vibali, GND kwa ardhini, TWR kwa mnara, APP kwa wanaokaribia, CTR kwa eneo zima. Na hapa ndipo wageni wanapopotea: aliye juu huhudumia walio chini yake wasiokuwepo. Ukiwa maegeshoni na aliyepo ni CTR peke yake, basi yeye ndiye mnara, ndiye ardhini, ndiye wa vibali. Muite yeye. Usiondoke kimya kwa kudhani uwanja hauna mtu.

Kama hakuna yeyote, masafa ni 122.800. Hapo humuombi mtu ruhusa. Unatangaza unachofanya ili wengine wajipange. Anga yetu mara nyingi huwa hivyo, kwa hiyo ukitaka kusikia redio inayofurika, ruka Ulaya wakati wa usiku wetu.

Ukiwa hewani bila mwongozaji, unaweza kupata ujumbe wa maandishi kutoka kituo kilichofunguliwa sasa hivi, kukutaka uwaite. Jibu ndani ya dakika moja. Kwa sababu hiyo hiyo usiache ndege kwenye otopailoti ukaenda kula daku. Ukomo wa kuacha kompyuta bila mtu ni dakika 30, na anayeitwa bila kuitika huondolewa. Hali ya dharura unaweza kuigiza, lakini mwongozaji akikwambia ana kazi nyingi, unaacha au unajitoa. Namba 7500 kwenye transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), ile ya utekaji, haichezewi hata kwa mzaha.

Kwa anayeona haya kuzungumza, sauti si lazima. Kwenye mpango wa safari kuna mahali pa kusema kama unatumia sauti, unasikia tu, au unaandika tu. Kuanza kwa kusikia na kuandika ni halali kabisa. Lakini usibaki hapo zaidi ya safari chache. Kuandika huku unashuka kunahitaji mikono mitatu na wewe unayo miwili.

IVAO ina programu yake, Altitude, ambayo hubeba sauti na modeli kwa pamoja, na kwa hilo ufungaji wake ni mwepesi. Ina vyeo na mitihani ya marubani kwa wanaopenda kupanda ngazi.

PilotEdge ni mtandao wa kulipia na unahudumia magharibi mwa Marekani tu. Unacholipia ni uhakika: waongozaji wapo kila siku kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5 usiku kwa saa za huko, ambayo kwetu huanza saa 12 jioni au saa 1 usiku kulingana na msimu wao, mpaka asubuhi yetu. Kwa anayejiandaa na skuli ya urubani na hofu yake ni redio, mwezi mmoja wa huko una thamani kuliko programu yoyote iliyotajwa juu. Kumbuka Wamarekani husoma shinikizo la hewa kwa inchi za zebaki, sisi kwa hektopaskali, na usijifunze kimoja ukadhani ni chote.

Zoezi: Unguja kwenda Pemba

Fanya safari hii kwa njia yoyote uliyochagua. Ni fupi, ardhi unaijua, na ina kila kitu.

Njia ya kurukia ya HTZA ni 18/36, yenye urefu wa zaidi ya mita 3,000. Ya HTPE ni 03/21, takriban mita 1,500. Kati yao ni kama maili za baharini 68, mwelekeo kama digrii 30. Caravan inachukua karibu nusu saa. Upepo unaujua tangu utoto: wakati wa kaskazi tarajia 36 Unguja na 03 Pemba, wakati wa kusi tarajia 18 na 21. Ukitoka Unguja wakati wa kaskazi, njia ya 03 inakukaribisha karibu moja kwa moja, bila mzunguko mkubwa. Wakati wa kusi lazima upite pembeni ya uwanja na kugeuka, na mzigo wa redio unaongezeka. Anza na kaskazi, hata kama ni kwa kuweka hali ya hewa ya kubuni.

Kimo: kwa kanuni ya nusu duara, mwelekeo wa digrii 0 hadi 179 huchukua maelfu ya witiri, na VFR huongeza futi 500. Basi kwenda ni 3,500 au 5,500, kurudi ni 4,500.

Soma METAR ya HTZA, yaani taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, kwanza. Kwenye vPilot andika .metar HTZA. Iandike karatasini: upepo, mwono, QNH (shinikizo la hewa la kuweka kwenye kipima kimo). Wito wa kwanza una nani unamwita, wewe nani, uko wapi, unataka nini:

"Zanzibar Tower, Five Hotel X-ray Yankee Zulu, Caravan at the apron, VFR to Pemba, request taxi."

Atajibu na njia ya kurukia na QNH. Wewe unarudia hivyo viwili, na jina lako mwisho:

"Holding point runway three six, QNH one zero one one, Five Hotel X-ray Yankee Zulu."

Si kila kitu hurudiwa. Vinavyorudiwa ni vile vinavyoua vikikosewa: njia ya kurukia, ruhusa ya kuingia, kuvuka, kusubiri, kuruka au kutua, QNH, kimo, mwelekeo, kasi, namba ya transponda na masafa mapya. Upepo husikilizwa tu. Ukirudia upepo na salamu na hali ya mawingu, umekalia masafa ambayo mwenzako anayahitaji.

Neno "take-off" usilitie mdomoni mpaka mwongozaji alitamke akikuruhusu kuruka, au akiifuta ruhusa hiyo. Kabla ya hapo ni "ready for departure". Kanuni hii ilikazwa baada ya ajali ya Tenerife ya tarehe 27 Machi 1977, ambapo Boeing 747 mbili ziligongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafariki. Mnara na rubani walikuwa wameelewana vibaya kuhusu ruhusa ya kuruka. Kwenye simyuleta hakuna anayeumia, lakini anayelichukulia neno hili kwa uzito nyumbani hatalisema hovyo siku atakayokuwa na abiria.

QNH nayo isikupite. Kila hektopaskali moja ni karibu futi 27 hadi 30. Ukiacha 1013, shinikizo la kawaida, na QNH halisi ni 1008, kipima kimo kinakwambia uko futi 140 juu zaidi ya ulipo. Mwongozaji mwenye rada atakuuliza kimo chako, na utaapa uko sawa.

Ukikosa kusikia, sema "say again". Ukisikia nusu, usikisie nusu iliyobaki. Waongozaji wa mitandao wanapenda rubani anayeuliza mara mbili kuliko anayejibu "roger" kisha akageukia upande mwengine.

Kundi lenu wenyewe

Hii ndiyo njia tunayoipendekeza kwa vijana wa skuli na vyuo visiwani, na ndiyo inayosahaulika zaidi. Watu watatu au wanne, kompyuta za kawaida, na mmoja wao ndiye mnara. Haigharimu leseni wala usajili.

Kila rubani anaweka FlightGear. Mwongozaji anaweka ATC-pie, programu ya bure inayompa skrini ya rada na vipande vya kufuatilia ndege. Sauti inapita kwenye Mumble, programu ya bure ya mazungumzo ya sauti, yenye kiongezi cha FGCom-mumble, ambacho ndicho kinachofanya redio iwe redio: anayesikika ni aliye kwenye masafa yako na ndani ya upeo, na aliye mbali anakwaruza. Mkizungumza kwa simu ya kundi la WhatsApp mtasikilizana wote kila wakati, na zoezi zima la kubadilisha masafa linakufa.

Laptopu moja ya zamani inatosha kuwa seva ya Mumble. Mlango wake wa kawaida ni 64738. Jina la chumba ndani ya Mumble lazima lianze na fgcom-mumble. Ukiliita kwa jina jengine kiongezi kinajizima na mtasikilizana kama simu ya kawaida. FlightGear hutuma taarifa za redio kwa kiongezi kupitia mlango 16661 wa UDP, kwenye kompyuta ile ile. Kama Mumble inasikika lakini masafa hayana athari, kosa liko hapo au kwenye ngome ya Windows iliyouzuia mlango huo.

Mkiwa chumba kimoja, ruta bila intaneti inatosha, na zoezi linakwenda hata bando likiisha. Mmoja akiwa Chake Chake na wengine Mjini, tumieni seva ya pamoja ya FlightGear kwa ndege. Sauti ni nyepesi: kwa kilobiti 40 kwa sekunde, mtu akizungumza saa nzima bila kunyamaza anatumia kama megabaiti 18, na hakuna anayezungumza saa nzima bila kunyamaza.

Pokezaneni kiti cha mnara kila safari. Rubani aliyewahi kupanga ndege tatu kwenye njia moja ya Pemba anaelewa kwa nini anaambiwa azunguke, na huacha kulalamika.

Vinavyoharibika, na sababu zake

Bando linaisha upesi. Si redio. Ni picha za ardhi za Microsoft Flight Simulator zinazoshushwa unaporuka. Kwenye toleo la 2020 ingia sehemu ya data, zima majengo ya picha halisi, weka kikomo cha matumizi, na uwashe hifadhi ya diski ili eneo ulilokwisha kupita lisishushwe tena. Toleo la 2024 linategemea seva zaidi. Mwenye intaneti ya kupimwa abaki na la 2020, au X-Plane yenye mandhari iliyokwisha kuwekwa kwenye diski.

Sauti inakatika katikati ya neno. Kuchelewa kwa milisekunde 150 au 200 kufika Ulaya hakuharibu chochote. Kinachoharibu ni data inayopotea njiani, hasa kwenye Wi-Fi ya simu iliyowekwa mbali. Tumia waya wa USB kutoka kwenye simu, au waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, na usimamishe masasisho ya Windows.

Mwongozaji anasikia feni, au mvua ya masika kwenye bati. Tumia hedseti yenye maikrofoni karibu na mdomo, na kitufe cha kubonyeza ili kuzungumza, kilichowekwa kwenye joistiki. Usiache maikrofoni ijifungue yenyewe kwa sauti. Spika za mezani usizitumie kabisa, maana sauti ya mwongozaji inaingia kwenye maikrofoni yako na kumrudia. Kitufe hicho ukikibonyeza, vuta pumzi kidogo ndipo uzungumze. Wanaobonyeza na kusema kwa pamoja hukata jina la kituo, na mwongozaji hajui kama ameitwa yeye.

Unawasikia lakini hawakusikii. Angalia ndani ya programu ya rubani ni kifaa kipi kimechaguliwa kuwa maikrofoni. Windows hubadilisha kila ukichomoa na kuchomeka USB. Kisha angalia ni redio ipi imewashwa kutuma: wengi huandika masafa kwenye COM1 (redio ya kwanza) huku kitufe cha kutuma kiko COM2 (redio ya pili). Kisha angalia umeme wa ndege yenyewe. Betri ikiwa imezimwa kwenye chumba cha rubani, redio imezimwa.

Umeme unakatika ukiwa hewani. UPS (betri ya akiba) ya VA 650 inaishikilia kompyuta ya mezani kwa dakika chache tu, za kutosha kuaga na kujitoa. Laptopu ni bora, ila ruta nayo inahitaji betri yake; soma volti zilizoandikwa kwenye adapta, 9 au 12, kabla ya kununua UPS ndogo ya ruta. Ukitoweka ghafla kwenye VATSIM, ndege yako inatoweka kwenye rada na hakuna adhabu. Umeme ukirudi ndani ya dakika chache, unganisha tena kwa jina lile lile. Ukiambiwa jina linatumika, subiri kidogo seva ikusahau, kisha ujaribu tena. Ukiwa tayari umepita uwanja, anzia maegeshoni, wala usijaribu kuirudisha ndege ilipokuwa katikati ya msongamano wa wanaotua.